Zamu Haiuzwi

Tulikuwa wanane, timu nane, mimi wa nane.
Msimu mzima wa beisiboli ya kompyuta
pale saiba ya Mbarak, Barani, nyuma ya duka la cherehani,
mchezo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona kwa macho,
si gongo, si glavu, si ule udongo wa kahawia.
Malindi mpira ni wa miguu. Lakini hesabu tulizipenda,
na beisiboli ni hesabu iliyovaa kofia.

Wa mwisho huchagua wa kwanza. Ndiyo huruma ya mchezo.
Chipukizi mia tatu, majina yametungwa na mashine,
na mimi niliyefungwa na kila mtu
ndiye niliyeshika ufunguo.

Lali Shekuwe akanivuta kando:
"Nipe zamu yako. Chukua mdakaji wangu,
miaka thelathini na minne, magoti mabovu,
lakini anajua kuwatuliza warushaji.
Nakuongezea zamu yangu ya pili ya mwakani."
Mwakani! Alilitamka kama mtu anayerudisha chenji.

Shee, katibu wetu, akafungua daftari.
Kanuni ya tisa: zamu haiuzwi, haikopeshwi, haiwekwi rehani.
Hata kule kwa wenyewe ni hivyo, akasema,
ila vijizamu vichache wanavyopozewa timu ndogo.
"Kwa nini?"
"Kwa ajili yako wewe. Mwenye njaa huuza mbegu."

Niliudhika, kwa kuwa ndani ya mashine kuna kijisanduku:
Ruhusu kuuziana zamu.
Unabofya, inatokea alama ya vema.
Sheria nzima, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho.

Nyumbani, Muyeye, mama naye yumo mchezoni.
Ndivyo tunavyouita upatu: mchezo.
Wanawake kumi na wawili, elfu mbili kila mwezi,
zamu waliokota kwa vijikaratasi ndani ya kikombe.
Yeye alipata ya tatu, na ya tatu ilikuwa mabati,
alikwisha kuyahesabu mpaka misumari.

Akaja Nyevu wa Kadenge, hakukaa,
alisimama mlangoni ameshika fremu
kana kwamba ndiyo inayotaka kuanguka.
Mwanawe ameitwa chuo cha uuguzi, Kilifi. Zamu yake ya kumi na moja.
Mama hakufungua daftari lolote.
"Chukua," alisema, akarudi kugeuza mahamri.

Kufika mwezi wa tisa mmoja alihamia Garsen,
mmoja akaugua,
mmoja akawa hapokei simu.
Elfu ishirini na nne ikafika kumi na nane.
Nusu ya nyumba ilipata mabati.

Nikamwambia: mama, kwetu jambo hili ni marufuku.
Alicheka mpaka akaweka upawa chini.
"Na huko kwenu, mtu akikosa karo hufanyaje?"
Sikuwa na jibu. Mchezo wetu hauna karo.
Chipukizi wetu hawana mama.

Sikubofya. Nilimchagua Tobias Wrenfield,
miaka kumi na tisa, mrushaji wa mkono wa kushoto.
Msimu wa pili bega likakatika.
Lali akabeba kombe na yule mzee wake wa magoti.
Shee anasema kanuni ilinilinda.
Imenilinda na nini, hajasema.

Mwana wa Nyevu yuko mwaka wa pili.
Juzi alipita, akampima mama presha bila kuombwa,
akaandika nambari kwenye kikaratasi.
Mama amekikunja, amekitia kikombeni.

Sasa ni Mei, na upande wangu ndio wa mabati ya zamani.
Tone. Tone. Tone.
Kwa beisiboli, matatu yangetosha kukutoa.
Mama anaamka, anamwaga beseni,
analirudisha pale pale.